Mkoba wa Mtalii na Soko la Kongowea

Huenda hakuna neno la Kiswahili lililoenea duniani kuliko neno safari. Waingereza wanalo, Wafaransa wanalo, Wajerumani wanalo, na wote walilichota katika kisima chetu, ingawa sisi nasi asili tulilipata kwa Waarabu. Kwetu neno hilo halina makuu. Bibi anayetoka Kisauni kwenda Voi kumwona mjukuu wake yumo safarini. Mchuuzi anayerauka kwenda Taveta kununua nyanya na ndizi yumo safarini. Lakini kwa mgeni wa Ulaya na Marekani, safari ina maana moja tu: kwenda kutazama wanyama wa porini. Na safari ya namna hiyo ina sare yake.

Mgeni akishalipia tiketi, wakala wake humkabidhi orodha ya vitu vya kufungasha. Nimezisoma orodha nyingi za aina hiyo, nazo zafanana kama shilingi kwa ya pili. Mna suruali za kaki ambazo miguu yake hufunguliwa kwa zipu zikawa kaptura. Mna shati la mikono mirefu, kizibao chenye mifuko chungu nzima, kofia pana yenye kamba ya kidevuni, buti, sweta, koti la mvua na skafu ya kuzuia vumbi. Vitu hivyo huuzwa huko kwao katika maduka ya wasafiri, na bei yake si haba. Kwa hiyo, kabla hajakanyaga ardhi ya Kenya, mtalii amekwisha kutumia fedha nyingi kwa ajili ya Kenya, na katika fedha hizo Kenya haikupata hata ndururu.

Hoja yangu leo ni kwamba orodha hiyo ina uzito katika uchumi wetu, na kwamba ni hasara kwetu wenyeji kuwaachia watu wengine waiandike. Nasema kuwa mgeni anayekuja Mombasa yapasa aje na mkoba nusu mtupu, akavikwe papa hapa. Na mahali pa kumvika hapako mbali. Pako Kongowea.

Hebu kwanza tuitazame orodha yenyewe, tupambanue lililo la haki na lililo la kiini macho.

Rangi hafifu zina sababu, ingawa si ile ambayo wengi huidhani. Mtu anayetembea kwa miguu porini yafaa asivae nguo za kung'aa, kwa kuwa wanyama watamwona. Lakini wageni wetu walio wengi hawatembei. Huketi ndani ya gari lenye paa la kufunguka, na wanyama wa mbuga zetu wamezizoea gari hizo tangu walipozaliwa. Tembo wa Tsavo hatajali kama aliyemo garini amevaa kaki au amevaa shati la maua la Bamburi. Rangi nyeupe ina ubaya wake mwingine: udongo wa Tsavo ni mwekundu, tena ndio uliowapaka wekundu tembo wenyewe, na shati jeupe haliwezi kuvuka siku moja huko likabaki jeupe. Ama buluu nzito na nyeusi, hizo ziepukwe kwa sababu ya mbung'o. Wadudu hao huvutiwa na rangi hizo, na wataalamu hutumia vitambaa vya buluu na vyeusi kutengenezea mitego yao. Anayekwenda Shimba Hills kule Kwale alikumbuke hilo.

Sweta pia ni la haki, na hapa wengi hupotea. Mgeni hudhani Afrika yote ni jua. Akifika Maasai Mara, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, akatolewa kitandani alfajiri na kupandishwa gari lililo wazi, hutetemeka kama aliyeshikwa na homa. Mtu wa Mombasa naye huwa katika hatari hiyo hiyo, kwa kuwa baridi hatuijui. Mkoba laini badala ya sanduku gumu ni ushauri mwema kwa wanaopanda ndege ndogo za Uwanja wa Wilson, ambako mzigo wa abiria kwa kawaida huwekewa kikomo cha kilo 15. Nguo zenye mabaka ya kijeshi mgeni aziache kwao. Raia hana ruhusa ya kuvaa sare ya jeshi katika nchi hii. Mifuko ya plastiki vilevile aiache, kwani Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga na hifadhi za taifa.

Kwa hivyo, ukiichuja orodha ile, hubaki vitu vichache: suruali mbili au tatu nyepesi za rangi ya udongo au majani makavu, mashati ya pamba ya mikono mirefu, sweta, koti la mvua, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoewa na miguu, na kitambaa kikubwa cha kujikinga na vumbi. Hakuna hata kimoja kisichopatikana Kongowea. Hicho kitambaa cha vumbi sisi tumekuwa nacho kwa zaidi ya miaka mia moja, nacho ni kanga. Doti moja ya kanga hufanya kazi ya skafu, shuka, taulo na pazia la dirisha la gari. Kikoi nacho ni hivyo hivyo. Mgeni ananunua skafu London kwa fedha nyingi, kisha anapita karibu na Biashara Street bila kujua kwamba alichokinunua ni kivuli cha kile alichokipita.

Ili tujue jinsi tulivyofika hapa, yafaa turudi nyuma kidogo katika historia, maana mkoba wa msafiri katika nchi hizi una hadithi ndefu, na hadithi hiyo karibu yote ni ya nguo.

Katika karne ya 19, mtu aliyetaka kwenda bara kutoka pwani hakubeba fedha. Alibeba vitambaa. H. M. Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, kazi yake kubwa ilikuwa kununua merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa sarafu za njiani. Merikani, kama jina lake linavyoeleza, ilikuwa nguo ya pamba iliyofumwa Marekani, na wafanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts ndio waliopata jina kwa kuileta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoizuka nchi hiyo mwaka 1861, shehena zikapungua, na baadaye viwanda vya Bombay vikajaza pengo. Nguo hizo zilipimwa kwa shuka na doti, maneno ambayo mama zetu wanayatumia hadi leo wanaponunua kanga. Na aliyezibeba ni mpagazi, kichwani au begani, mzigo wa ratili sitini au zaidi, mwendo wa miezi.

Yafaa kukumbuka kwamba Kongowea imepakana na Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 kuwapokea watumwa waliokombolewa. Miongoni mwa wakazi wa awali wa Frere Town na Rabai walikuwamo watu waliopata kulelewa India, na baadhi yao waliwahi kufuatana na misafara ya Wazungu kwenda bara. Kwa hiyo mtu wa upande huu wa maji anaposikia neno safari, anasikia habari za wazee wa mtaani.

Kisha ikaja kaki. Neno hilo asili yake ni Kiajemi, lina maana ya vumbi, na askari wa Uingereza waliokuwa India ndio waliolianza vazi hilo katika miaka ya 1840. Lilitua kwetu pamoja na utawala wao. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa Aprili 1909, akapanda reli hadi uwanda wa Kapiti, akakuta wapagazi zaidi ya 200 wakimngoja. Safari hiyo ilitangazwa ulimwengu mzima, na tangu hapo mtu mwenye kofia pana, shati la mifuko na bunduki mkononi akawa ndiye picha ya safari. Ile mifuko mingi ilikuwa ya risasi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Bunduki zikaondoka, risasi zikaondoka, mifuko ikabaki kifuani mwa mtalii bila kazi.

Wazee wetu nao waliijua kaki, lakini kwa upande mwingine. Kwao ilikuwa nguo ya tarishi, ya askari kanga, ya karani wa daraja la chini na ya mtoto wa shule. Ndiyo maana husikia ajabu kumwona mgeni akilipa fedha nyingi ili avae kaptura ya tarishi.

Sasa na tuje katika zama zetu. Mtalii amekwisha kutazama wanyama wake, amerudi kwao. Kizibao kile hatakivaa tena, kwa kuwa mjini kwao hakina mahali pa kuvaliwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili atakitoa kwa jumuiya ya wahisani. Kutoka hapo kitauzwa kwa mizani, kitashindiliwa katika robota pamoja na nguo za watu wengine, kitatiwa katika kontena, na kontena litashushwa Kilindini. Siku haba zikipita, robota litakatwa kamba Kongowea.

Anayelijua soko hilo anajua kinachofuata. Muuzaji analinunua robota bila kujua kilichomo ndani. Likifunguliwa, nguo nzuri kabisa, zile wenyewe wanazoziita kamera, huchaguliwa kwanza na kuuzwa kwa bei ya juu. Zinazofuata hushuka bei kadiri saa zinavyokwenda. Mwisho hubaki fagia, zile za kumaliza, zinazouzwa kwa fungu au kwa sarafu chache. Robota moja laweza kumpa mama karo ya muhula. Lingine laweza kumtia katika deni la chama. Ni mchezo wa bahati unaochezwa na watu wasio na akiba. Na katika marobota hayo, mimi mwenyewe nimeziona suruali za kaki zenye zipu za magotini, na vizibao vya mifuko mingi, vikining'inia juani bila mnunuzi. Kijana wa Mishomoroni atakivaa wapi kizibao cha mwindaji? Muuzaji hukiweka pembeni, na mara nyingi hukiuza kwa bei ya fagia.

Huko nyuma ya vibanda hivyo, mwendo wa nusu saa au chini yake, hoteli za Nyali na Bamburi zina wageni wanaoondoka alfajiri kwenda Tsavo. Gari zao huvuka Daraja la Nyali, hupita kisiwani, hutoka Makupa na Changamwe, hushika njia ya Nairobi. Kila gari limejaa watu waliovaa nguo ambazo ndugu zake zimening'inia Kongowea zikitafuta mnunuzi. Hapo ndipo uchumi wetu unapovuja, na ufa huo hatuujazi.

Kuna jambo jingine linalozidi kushangaza. Tangu sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje ilipopitishwa mwaka 1990, na hasa baada ya Marekani kufungua soko lake kwa mpango wa AGOA mwaka 2000, hapa Mombasa na viungani mwake vipo viwanda vinavyoshona suruali na mashati kwa maelfu. Nguo hizo zinapakiwa melini kwenda Marekani. Si muhali kabisa kwamba suruali iliyoshonwa na binti wa Changamwe inanunuliwa na Mmarekani kwao, inavaliwa Tsavo, inarudi Marekani, kisha inarejea Kongowea kama mtumba na kununuliwa na shangazi yake binti huyo. Imevuka bahari mara nne, na katika misafara yote hiyo sehemu yetu ni mshahara wa fundi na faida ndogo ya mchuuzi.

Najua wapo watakaosema kwamba mitumba ndiyo iliyotuua, na kwamba kuwapelekea watalii mitumba ni kulibariki gonjwa. Hoja hiyo haina budi kujibiwa kwa heshima, kwa sababu ina ukweli. Kulikuwa na wakati ambapo KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilifuma nguo za Wakenya, na mkulima wa pamba alikuwa na mnunuzi. Milango ya biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ikaingia kwa wingi, viwanda vikayumba, vingine vikafunga. Lakini mitumba haikuwa peke yake. Uongozi mbovu wa viwanda, umeme ghali, mitambo chakavu, na vyama vya pamba vilivyoshindwa kuwalipa wakulima, vyote vilikuwa na mkono.

Dawa ya kupiga marufuku nayo tumekwisha kuiona. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Kenya ikarudi nyuma mwaka 2017 isije ikapoteza soko la AGOA, na Rwanda iliyoshikilia uamuzi wake ikaondolewa nafuu ya ushuru wa nguo mwaka 2018. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Kenya yenyewe ilizuia mitumba kuanzia Machi hadi Agosti. Katika miezi hiyo viwanda havikufufuka. Waliolala njaa ni wauzaji. Aliyeko juu akishindana na aliyeko juu, mama wa Kongowea ndiye anayekanyagwa. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Mimi sitetei mitumba kama maisha ya milele. Nasema kwamba mitumba ipo, na maadamu ipo, ni heri iuzwe kwa mwenye uwezo wa kuilipia vizuri. Isitoshe, soko la Kongowea lina mafundi cherehani wanaoishi kwa kuzikata na kuzirekebisha nguo hizo. Fundi anayejua kupunguza suruali ya mtumba ikamkaa mtu anajua pia kushona suruali mpya. Mgeni aliyefika kutafuta suruali ya mtumba aweza kupimwa shati la pamba asubuhi akalichukua jioni. Hapo ndipo mtumba unapoweza kumfungulia mlango mshonaji badala ya kumfungia.

Wengine watasema mtalii hatakubali kuvaa nguo iliyovaliwa. Wanaosema hivyo hawajui yanayotendeka Ulaya, ambako vijana wenye kazi nzuri wanashindana kununua nguo kuukuu na kujivunia. Wengine watasema soko ni chafu, lina matope wakati wa mvua, na mgeni ataibiwa. Hili si la kupuuzwa. Lakini matope ya Kongowea hayamdhuru mtalii peke yake. Yanamdhuru mwuza vitunguu, mpagazi wa mkokoteni na mnunuzi wa Kisauni kila siku ya Mungu, nao wanalipa ushuru. Ikiwa ujio wa mgeni ndio utakaoisukuma kaunti kuchimba mitaro na kuzoa taka, basi na aje upesi.

Ni yapi basi ya kufanywa? Nayataja manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, hoteli za pwani na makampuni ya utalii ya hapa yaandike orodha yao wenyewe, fupi na ya kweli, yaipeleke kwa mawakala wa nje kabla mgeni hajafungasha. Iseme wazi: njoo na viatu vyako, dawa zako, miwani yako na darubini yako, nguo utazipata hapa.

Pili, kaunti itenge safu moja ya vibanda katika soko, yenye paa na sakafu, ya nguo za safari: mitumba iliyofuliwa na kupigwa pasi, kanga, vikoi na kofia za ukindu. Bei ziandikwe. Mgeni hachukii kupunguziana bei, anachukia kudanganywa. Na vibanda hivyo wapewe wauzaji waliopo, wasije wakaingizwa watu wa mbali wenye majina makubwa.

Tatu, sare za madereva na waongozaji wa watalii, na za wafanyakazi wa hoteli, zishonwe na mafundi wa hapa. Huo ni mkate wa kila mwaka usiotegemea mgeni kupenda au kutopenda.

Nne, na hili nawaambia wenzangu wa Kongowea, Likoni na Changamwe: safari ni yetu sisi pia. Wapo vijana wengi waliozaliwa mwendo wa saa tatu kutoka Tsavo ambao hawajamwona tembo ila kwenye noti na televisheni. Wengine hudhani mbuga ni mahali pa wenye kaki. Treni inashusha abiria Voi, na lango la Tsavo Mashariki liko karibu na mji. Mtu aweza kwenda na shati lake la kazini, sweta la mtumba, leso ya mamake na chupa ya maji ya kujazwa tena. Simba hamwulizi mtu duka alikonunua.

Tukiyafanya hayo hatutakuwa tumefufua viwanda vya pamba, na asije mtu akadai kuwa nimesema hivyo. Pamba inataka sera, umeme wa bei nafuu na uaminifu kwa mkulima, nayo ni makala ya siku nyingine. Lakini tutakuwa tumeifikisha mikononi mwa mama mwenye kibanda sehemu ya fedha ambazo hadi leo zinabaki London na New York. Zamani msafiri alikuja pwani yetu akafungasha nguo za watu wa mbali, akazipandisha vichwani mwa wazee wetu. Msafiri wa leo na aje mikono mitupu, anunue kwetu, na mzigo wake aubebe mwenyewe.